Laptopu au kompyuta ya mezani? Jinsi ya kuamua ukiwa Kigoma

Mtu akitaka kompyuta, neno la kwanza huwa ni "bei gani?" Kwa Kigoma, anzia kwenye soketi. Umeme unaofika hapo ukoje, na mashine itakaa hapo hapo au itahama na wewe? Ukiyajibu hayo mawili bila kujidanganya, kilichobaki ni kupiga hesabu na kukagua.

Mwongozo huu ni wa anayenunua kwa fedha yake mwenyewe: mwenye steshenari pale Mwanga, mwanafunzi anayejiandaa kwenda chuo, mnunuzi wa dagaa anayeshinda Katonga au Kibirizi, mwalimu wa Kasulu, katibu wa kikundi huko Ilagala au Buhingu. Tunachukulia kwamba utanunua mashine iliyotumika, kwa hiyo sehemu ya ukaguzi ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Andika kazi za wiki nzima

Chukua karatasi. Andika kila kazi utakayoifanya, utaifanyia wapi, na kwa saa ngapi. Usiandike kazi unazotamani kuzifanya mwaka kesho.

Kama zaidi ya robo ya saa zako ziko nje ya chumba kimoja, nunua laptopu wala usisumbuke na hatua mbili zinazofuata. Mnunuzi wa dagaa anayeandika mizigo mwaloni asubuhi na kufunga hesabu nyumbani jioni hana la kufanya na kompyuta ya mezani. Mwanafunzi wa hosteli naye ni hivyo hivyo. Anayepanda boti kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa ndiyo kabisa, ila aiweke laptopu ndani ya mifuko miwili ya nailoni iliyofungwa vizuri kabla ya kuitia begini. Maji ya mawimbi hayangoji mvua.

Kama kazi zote zinafanyika kwenye meza moja, kama steshenari inayochapa barua, kusafisha picha za pasipoti na kuwajazia watu maombi ya ajira na ya mikopo ya elimu ya juu, endelea kusoma. Hapo ya mezani ina nguvu kubwa: kioo kipana, kibodi inayobadilishwa kwa dakika moja ikichoka, na vipuri vinavyofunguka kwa bisibisi moja. Kibodi ya laptopu ya steshenari huchoka haraka kwa sababu inagongwa kutwa nzima, na kuibadilisha mara nyingi ni kuifungua mashine yote.

Hatua ya 2: Pima umeme wa nyumba yako, si wa mji

Kigoma iliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla ya gridi ya taifa kufika, na watu wengi bado wanaamua kwa kumbukumbu za wakati ule. Pima hali ya sasa ya nyumba yako. Mwite fundi umeme aje na mita yake saa moja hadi saa tatu usiku, wakati majiko, pasi na friji za mtaa mzima zinafanya kazi, apime volti kwenye soketi utakayoitumia. Kiwango chetu ni volti 230. Ukikuta 220 hadi 240, uko salama. Ukikuta chini ya 200, jambo la kawaida kwa nyumba iliyo mwishoni mwa laini na mbali na transfoma, elewa kwamba laptopu itavumilia na baadhi ya kompyuta za mezani hazitavumilia.

Sababu ni hii. Geuza chaja ya laptopu usome maandishi madogo: utaona "100-240V". Chaja hiyo inakubali umeme wowote kati ya hapo. Pawa saplai ya kompyuta ya mezani, yaani kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani, ina namna mbili: zenye maandishi kama hayo, na zile zenye swichi ndogo nyekundu nyuma iliyoandikwa 115 na 230. Hizi za swichi zikiwekwa 230, umeme ukishuka sana hujizima au kujiwasha upya ovyo. Ila hatari kubwa ni kinyume chake. Mashine iliyotoka nchi ya volti 110 au 120, kama Marekani, inaweza kufika swichi ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka kwenye soketi yetu utasikia mlio mmoja, harufu ya kuungua, na pawa saplai imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kuchomeka kompyuta yoyote ya mezani, zungukia nyuma, tafuta swichi nyekundu, na uisogeze kwa ncha ya bisibisi mpaka isomeke 230. Isipokuwepo, soma kibandiko.

Umeme kukatika ni suala jingine. Laptopu yenye betri nzima haitikisiki. Ya mezani huzima papo hapo na kupoteza kazi ambayo haijahifadhiwa. Ikiwa ina diski ya zamani ya kuzunguka, kuzimika ghafla mara kwa mara huweza kuleta sehemu mbovu kwenye diski. Dawa yake ni UPS, kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, na hapa watu wanakosea hesabu. UPS ndogo ya 650VA kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 7, yaani 12 mara 7, wati-saa 84 tu. Kompyuta ya mezani na kioo chake hula takribani wati 80 kwenye kazi za ofisi. Betri ikiwa mpya utapata dakika 15 hadi 20, za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Baada ya miaka miwili au mitatu betri hiyo huchoka, utapata dakika mbili, na usipoibadilisha UPS inageuka ekstensheni nzito. Iweke kwenye bajeti tangu leo.

Tena usichomeke printa ya leza kwenye UPS. Inapopasha moto wino huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, UPS inalia na kuzima kila kitu. Printa iende ukutani.

Kama unategemea sola, hesabu ndiyo inaamua. Chukua betri ya risasi ya volti 12, Ah 100. Ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Kompyuta ya mezani ya wati 80 kwa saa sita ni wati-saa 480. Ongeza upotevu wa inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, unafika kama 560. Betri imekwisha, na bado hujawasha taa. Laptopu ya wati 20 kwa saa hizo hizo ni 120, na upotevu kama 140. Inabaki ya taa, simu na redio. Paneli moja ya wati 100 hujaza matumizi ya laptopu hata siku zenye mawingu ya kiasi. Ya mezani inataka paneli mbili na zaidi, na kati ya Novemba na Aprili, mvua zikishika, hata hizo zitakuwa na siku za kushindwa.

Hatua ya 3: Bei kamili, si bei ya dukani

Chora safu mbili. Safu ya laptopu: laptopu yenyewe, chaja ya akiba, begi, mausi, na betri ya kubadilisha ndani ya miaka miwili. Safu ya kompyuta ya mezani: kasha (kompyuta yenyewe), kioo, kibodi na mausi, nyaya za umeme, waya wa kioo, UPS, kifaa kidogo cha kunasa Wi-Fi kinachochomekwa USB (kompyuta nyingi za ofisi hazina Wi-Fi ndani), spika ikihitajika, na nauli ya mzigo. Uliza bei ya kila kimoja katika maduka mawili, uziandike, ujumlishe. Kasha lililoonekana nusu ya bei ya laptopu linaweza kuisogelea kabisa baada ya kujumlisha.

Angalia pia waya wa kioo. Makasha mengi ya ofisi yana matundu ya DisplayPort na VGA tu, na kioo ulichonunua kina HDMI peke yake. Bila kibadilishi utakuwa na kompyuta na kioo visivyozungumza, na kibadilishi huenda kikabidi kiagizwe.

Halafu LUKU. Wati 80 kwa saa 10 ni uniti 0.8 kwa siku. Kwa siku 26 ni karibu uniti 21. Laptopu ya wati 20 kwa muda huo ni uniti 5. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako. Aliyeko kwenye kundi la matumizi madogo, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, asiipuuze: uniti 21 za kompyuta ya nyumbani zinaweza kumvusha mstari, na uniti zote zinazofuata zikapanda bei.

Kuna chaguo la tatu ambalo wauzaji hawalitaji vya kutosha: kompyuta ndogo za mezani, zenye ukubwa wa kamusi nene, kama Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini na Dell OptiPlex Micro. Zinatumia chaja ya nje kama ya laptopu, kwa hiyo zinakubali volti 100 hadi 240, na kazi za ofisi zinazifanya kwa wati 15 hadi 35. UPS ile ile ya 650VA itaiendesha pamoja na kioo kwa muda mrefu zaidi. RAM yake, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni ya laptopu, na diski hubadilishwa kirahisi. Kwa steshenari na ofisi ndogo za Kigoma, sisi tungeitafuta hii kabla ya kasha kubwa.

Hatua ya 4: Soma namba ya prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Muuzaji atakwambia, "Bosi, hii ni i7, hii ni moto." Usiishie kwenye i7. Soma tarakimu zinazofuata. Kwenye i5-8250U, 8 ndiyo kizazi, yaani cha nane. i7-4600U ni ya kizazi cha nne na ina viini viwili tu, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. I5-8250U ina vinne. Hiyo i5 itaikimbiza i7 kwa mbali, huku ikitumia umeme kwa ustadi zaidi. Kwenye namba kama i5-10400 au i5-1135G7 tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi: cha kumi, cha kumi na moja.

Kizazi kina uzito zaidi sasa kwa sababu Microsoft ilimaliza kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, au AMD Ryzen nyingi za mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0, kinga ya usalama iliyo ndani ya mashine. Mashine ya kizazi cha sita inaweza kuwa nzima kabisa, lakini bei yake lazima ishuke. Ukiichukua, badala ya Windows weka Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure na zinatosha kuandika, kuperuzi na kufanya hesabu.

Vingine ni vifupi: RAM GB 8 au zaidi, na SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya GB 256. Usikubali mashine yenye diski ya kuzunguka peke yake ila kama umeshatenga fedha ya SSD. Kwa laptopu, uliza kama RAM inaongezeka. Kwenye laptopu nyembamba nyingi RAM imegandishwa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachofa nacho.

Hatua ya 5: Kagua kabla fedha haijatoka

Hapa ndipo watu wanauziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda mchana, na flashi, simu yenye bando, na saa moja ya bure. Ukinunua Kariakoo, kagua huko huko, kwa sababu kurudisha mashine kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli, na dhamana ya wiki mbili huliwa njiani.

Laptopu. Iweke juu ya meza ya kioo au sehemu yoyote iliyonyooka. Ikiyumba, au ikiwa sehemu ya kugusia imeinuka upande mmoja, au mfuniko wa chini umetuna, betri imevimba. Iache. Fungua kioo polepole huku ukitazama pembe za bawaba: ufa mwembamba wa plastiki pale leo, kesho kioo kinaning'inia. Washa, na kabla Windows haijaja bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP au F1 kwa Lenovo ThinkPad uingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, huenda ni mali ya kampuni ambayo haijafunguliwa. Hutaweza kubadilisha mambo ya msingi.

Windows ikishawaka, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakwambia ripoti imehifadhiwa wapi. Ifungue, tafuta mistari miwili: Design Capacity, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, uwezo iliobaki nao. Kama wa kwanza ni mWh 48,000 na wa pili ni 21,000, imebaki na asilimia 44. Mashine inayokula wati 12 itakaa saa moja na dakika 45. Chini ya asilimia 60, dai bei ya betri mpya ipunguzwe kwenye bei ya mashine. Ikiwa betri imekufa kabisa, hiyo ni kompyuta ya mezani yenye kioo kidogo, na faida uliyoifuata kwenye laptopu haipo.

Endelea: chomoa chaja, itumie dakika 20 ukicheza video. Fungua Notepad ugonge kila herufi. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Weka picha nyeupe kioo kizima utafute madoa. Iunganishe na intaneti ya simu yako; ikikuletea ukurasa wa kuingia wenye jina la kampuni fulani, usinunue. Angalia chaja: volti zake zifanane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na wati zisipungue. Dell nyingi zikipewa chaja isiyotambulika hukataa kuchaji betri na kupunguza kasi, na mnunuzi hudhani mashine ndiyo nzito.

Kompyuta ya mezani. Omba mfuniko wa pembeni ufunguliwe. Nusa pawa saplai; harufu ya kuungua haidanganyi. Tazama vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi: vichwa vyake viwe bapa, si vilivyotuna. Vumbi la kawaida halina neno, linapulizwa. Washa, rekebisha saa na tarehe, zima, chomoa kwenye umeme dakika tano, washa tena. Tarehe ikirudi nyuma miaka mingi, ni kibetri cha CR2032, kidogo kama sarafu, bei yake ni ndogo. Angalia pawa saplai ina umbo gani: makasha membamba ya ofisi mara nyingi yana pawa saplai ya umbo lake na plagi zake, na ikifa huipati kwenye duka lolote la jirani. Kasha kubwa lenye pawa saplai ya kawaida ya ATX linasamehe zaidi.

Kwa zote mbili, weka programu ya CrystalDiskInfo, inayopima afya ya diski, kwenye flashi yako uiendeshe. Ikisema Good, sawa. Ikisema Caution au Bad, diski hiyo haibebi kazi ya mtu.

UPS nayo ipimwe. Mashine ikiwa imewaka, chomoa UPS ukutani. Mashine izidi kuwaka, na uhesabu dakika.

Hatua ya 6: Kuifikisha na kuiwasha

Ya mezani ikipanda basi au treni, toa kadi ya picha kama ipo, na nyaya zote, uvifunge peke yake. Kioo kifungwe kwa kadibodi ngumu upande wa mbele, na kisafirishwe kikiwa kimesimama, kisilazwe chini ya magunia. Laptopu usiiweke kwenye buti, ishike mwenyewe.

Ikifika, iache chumbani saa chache kabla ya kuiwasha, hasa ikiwa imesafiri usiku wa baridi na sasa imeingia kwenye joto na unyevu wa kando ya ziwa, ili umande uliojitengeneza ndani ukauke. Kasha lisikae sakafuni, liinue walau sentimita 20, vumbi na maji ya kudekia viko chini. Laptopu isiwekwe juu ya godoro au kitenge. Matundu ya feni yako chini yake, yakizibwa inapata moto na kupunguza kasi.

Umeme ukikatika, chomoa. Mara nyingi kinachoua mashine ni mshtuko wa umeme unaporudi. Ngoja dakika tano baada ya taa kurudi, kisha chomeka. Na ukisikia ngurumo za radi upande wa ziwa, usingoje mvua ianze: chomoa chaja, chomoa UPS ukutani, chomoa na waya wa intaneti kama unao, kwa maana radi hupitia hata huo. Mwenye laptopu ataendelea na kazi kwa betri. Mwenye ya mezani ahifadhi, azime, asubiri.